Kaburi Lililopinda Barabara

Mke mwenzangu ana steji mlangoni. Mimi mlangoni nina kaburi. Nikifungua mlango asubuhi hapa Malaba, nasikia makanga wakiita abiria wa Busia na Bungoma karibu na jiko lake, naye anageuza chapati za mayai, zile Waganda wanaziita roleksi, huku akicheka na kila anayepita. Kicheko chake kinanifikia mpaka kitandani. Kati yetu kuna barabara mpya, na barabara hiyo ina kona ambayo hakuna dereva anayeielewa. Imenyooka vizuri kutoka sokoni, halafu inajikunja ghafla kama mtu aliyekanyaga mwiba. Wageni huuliza kwa nini. Wenyeji hawaulizi, wananiangalia tu.

Nianze na mume, maana yeye ndiye chanzo. Nilizaliwa Sigalame, nyumba ya wakulima, nikaolewa na kijana wa kwetu aliyekuwa tanboi wa malori, yule msaidizi wa dereva. Tulinunua kipande cha shamba huku mpakani ili awe karibu na kazi. Nyumba ya kwanza tuliijenga pamoja, udongo wake niliukanda kwa miguu yangu. Alipopanda cheo akawa dereva, macho nayo yakapanda. Akaleta mwanamke kutoka ng'ambo ya mpaka, Tororo, akamjengea upande wa pili wa shamba, mahali ambapo ukiita unaitikiwa.

Kwangu alikuja kula Jumapili. Kwake alikuja na mizigo. Safari moja alimletea miche ya migomba kutoka Mbarara, ameifunga nyuma ya kabini kwa magunia mabichi isinyauke njiani. Akaipanda kwa mikono yake mwenyewe, shati amelivua, anaimba, mimi nikimtazama kupitia dirisha la jikoni. Kwangu hakuwahi kupanda hata sukuma wiki. Hilo nalisema na nitalirudia, kwa sababu liliniuma kuliko siku aliyomleta huyo mwanamke. Mwanamume anaweza kuleta mke kwa tamaa tu, lakini mti anaupanda mahali anapokusudia kukaa.

Alikufa safarini, mbali, upande wa Sudan Kusini. Mto ulifurika, lori likajaribu kuvuka, maji yakalibeba. Tanboi wake aliokolewa na watu, ndiye aliyekuja kutueleza. Mwili haukuonekana. Kwetu mtu wa namna hiyo haachwi bila kaburi. Hukatwa mgomba wa kimo chake, ukavishwa nguo zake, ukafungwa shuka, ukalazwa ndani ya jeneza na kuombewa kama mtu. Ukishafunikwa udongo, ni yeye. Hakuna anayeruhusiwa kusema tena kwamba pale chini kuna mgomba.

Sisi wajane tulikalishwa ndani, mkeka mmoja, wakati wanaume walipokwenda kuukata. Mjane haoni ukikatwa, wala haulizi. Mwenzangu alilia. Alilia vizuri, sauti inapanda halafu inashuka, wanawake wakamkimbilia na maji na leso. Mimi nililia pia, ila mimi nikilia pua ndiyo inayofanya kazi kubwa, na hakuna aliyeniletea maji. Nilikaa pale najiuliza kama mtu anaweza kupendwa mpaka kwenye matanga, na mwingine asahauliwe mpaka kwenye matanga hayo hayo.

Lakini nilikuwa na kitu kimoja ambacho hakuna ambaye angeweza kuninyang'anya. Kwa desturi yetu mume huzikwa mbele ya nyumba kubwa, na nyumba kubwa, ya mke wa kwanza, ni yangu. Akiwa hai alilala alikotaka. Alipokufa ilibidi alale kwangu. Kila jioni nilifagia lile kaburi, na nilihakikisha nalifagia saa ambazo mwenzangu yuko nje anaanua nguo.

Kazi yangu ni chai. Malori yakingoja kuvuka hujipanga barabarani foleni ndefu, madereva wanakaa kwenye kabini wamechoka na wenye njaa, nami napita na birika na kapu la mandazi. Foleni hiyo ilinilisha, lakini iliwanyonga wengine. Matatu hazipiti, boda zinajipenyeza kati ya magurudumu makubwa kuliko mtu, na mgonjwa akizidiwa, ndugu zake wanashika vichwa. Kwa hiyo chifu aliposimama kwenye baraza akasema kaunti itachonga barabara ya pembeni, kutoka sokoni hadi nje ya mji, na steji ya matatu na boda, watu walipiga vigelegele. Hata mimi nilipiga. Nilihesabu kwamba abiria nao hunywa chai.

Wapimaji wakaja na vigingi vyao vyenye vichwa vyekundu. Kigingi kimoja kikaangukia miguuni pa kaburi. Mpimaji alikuwa dada mmoja mpole, kofia ya plastiki kichwani, akavua ile kofia kabla ya kuniambia.

"Mama, pole sana. Barabara inapita hapa. Tutamhamisha mzee na heshima zote, gharama ni yetu. Nyinyi mtuonyeshe tu pahali."

Nilimwambia nitazungumza na watu wangu. Na nisikilizwe vizuri hapa, kwa sababu watu wanaeleza habari hii vibaya mpaka leo: nilikuwa nimekubali. Nyuma ya nyumba yangu kuna nafasi nzuri, pana kivuli. Nilishawaza steji itakavyokuwa mbele yangu, benchi langu la chai hapo, na kaburi nyuma, bado langu. Nikamwita shemeji, kaka mkubwa wa marehemu, ambaye ndiye msemaji wa boma, tupange sala.

Tulikuwa tumekaa sebuleni na shemeji wakati mke mwenzangu alipoingia. Akapiga magoti kusalimia, kama kwao wanavyofanya. Hata kupiga magoti anajua kuliko mimi. Anashuka polepole, gauni linajipanga lenyewe.

"Dada," akasema, "nimesikia mzee wetu anahamishwa. Bambi, tafadhali, mlete kwangu. Pale kwa migomba. Pale atapumzika vizuri."

Damu ilinipanda kichwani nikaona giza. Migomba! Kati ya maneno yote ya dunia, alichagua kunikumbusha ile migomba.

"Akiwa hai ulinichukulia," nikamwambia. "Sasa hata mgomba unataka kunichukulia?"

Nilikuwa nimevunja mwiko kwa mdomo wangu mwenyewe. Shemeji alishika goti lake.

"Shemeji, chunga ulimi."

Mwenzangu alifungua mdomo kama mwenye neno, akamtazama shemeji. Shemeji akatikisa kichwa, kidogo tu, nikaona. Akaufunga mdomo, akaondoka. Nami nikajua kile ambacho mwanamke mwenye wivu anajua kila wakati: kwamba kuna jambo kati yao, na kwamba wameshakubaliana yeye ndiye apewe. Shemeji aliponiuliza sasa nasemaje, nilisema kaburi haliondoki. Si nyuma ya nyumba, si kwa mwenzangu, haliendi popote.

Walikuwepo tayari watu wengine wasioitaka barabara, wachache mno, tungetosha kwenye boda mbili kama polisi hawatazami. Kiongozi wao alikuwa mzee mmoja aliyekuwa ajenti wa kupitisha mizigo forodhani. Alikuwa na vyumba vya kulala wageni, na wageni wake walikuwa madereva waliokwama. Mama mwingine alikuwa na choo na bafu za kulipia kando ya foleni. Mwingine alikuwa muumini wa kanisa letu ambaye ukuta wake ulikuwa umeingia kwenye ardhi ya umma na hakutaka upimwe. Walikuwa wameandika malalamiko, hakuna aliyewasikiliza. Wangeweza kusema nini mbele ya watu? Kwamba msongamano unawalipia karo?

Mzee ajenti alikuja kwangu na soda na mkate.

"Mama, wewe ndiye wakili wetu," akasema. "Hao wakubwa hawawezi gusa kaburi bila mjane. Wewe kaa tu hapo kando ya mzee. Ikiwezekana, lia kidogo."

Nilijua anachotafuta. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Lakini panzi akishapandwa na hasira hajali kunguru anashibaje.

Basi baraza la pili likaitwa, na uwanja ukajaa kuliko siku ya kura. Injinia akaeleza, chifu akabembeleza, mama mmoja wa Butula aliyeolewa jirani akasimulia jinsi alivyopoteza ujauzito akiwa nyuma ya boda kati ya malori mawili. Watu walipiga makofi wakitaka barabara. Kisha nikasimama mimi, na leso yangu nyeusi.

"Mimi si adui wa maendeleo," nikasema. "Lakini mume wangu alipotezwa na maji mara moja. Nyinyi mnataka apotezwe na greda mara ya pili. Nani kati yenu ataweka wa kwake chini ya matairi?"

Hapo nililia. Sikuhitaji kufundishwa. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu watu waliniletea maji. Nikayanywa polepole, nikimtafuta mwenzangu kwa macho katikati ya umati. Alikuwa ameinamisha kichwa. Nikasema moyoni, leo umeona hata mimi najua kulia.

Kazi ikasimama. Ndipo nilipojifunza jambo kuhusu watu wachache. Walioitaka barabara walikuwa karibu mji mzima, lakini walikuwa na shughuli zao; waliitaka wakipita njiani, wakaenda sokoni, wakasahau. Sisi shughuli yetu ilikuwa kukataa. Injinia akija yuko peke yake, sisi tuko wote. Akileta karatasi, mzee ajenti ana karatasi yake. Mvua ikanyesha vigingi vikaanza kuoza, na mimi nikazidi kulifagia kaburi langu.

Majirani walinigeuka. Vijana wa boda walikuwa wanakunywa chai yangu kwa mkopo na utani, sasa walipita bila kusimama, na mmoja akanipigia kelele, "Mama Kaburi, bado uko?" Jina likashika. Jirani yangu mwenye kidonda cha mguu, rafiki yangu wa kwaya, alisukumwa kwa mkokoteni kati ya malori kwenda kufungwa bendeji. Alinipita nikiwa na birika mkononi. Nilimsalimia. Alitazama mbele, mkokoteni ukaruka shimo, akauma midomo, hakusema lolote. Ule ukimya ulinikaa kifuani, sikatai. Lakini kila nilipotaka kulegea niliona migomba ile upande wa pili, majani yake mapana yanapepea juu ya paa la mwenzangu, kitu cha pekee ambacho mume wetu alikipanda duniani, na moyo ukarudi kuwa mgumu.

Mwishowe wakubwa walichoka na sisi. Wakapima upya. Barabara ingefika karibu na kwangu, ikunje, ipite upande wa pili wa shamba, halafu irudi kwenye mstari. Kaburi limepona! Mzee ajenti hakufurahi, maana yeye alitaka barabara ife, si ipinde. Mimi nilifurahi. Sikuuliza upande wa pili kuna nini. Nilijua kuna nini.

Greda likaja asubuhi yenye ukungu. Nilijifunga leso nikasimama kwenye ua wangu kama mtu anayengojea arusi ipite. Lilikwenda moja kwa moja kwenye ile migomba. Mgomba hauna kiburi mbele ya chuma: unalala, maji yanaruka, basi. Ulianguka mmoja, ukaanguka wa pili, na mkungu wake bado mchanga. Sisemi uongo kwa ajili ya kuwapendeza wanaonisikiliza. Nilifurahi kiasi kwamba nilitaka kuimba wimbo aliokuwa akiuimba siku anaipanda.

Mwenzangu hakupiga kelele. Alisimama mlangoni amejikumbatia.

Shemeji akaja akasimama kando yangu. Alikuwa amevua kofia, kaishika mbele ya tumbo, vile tunavyosimama mazishini.

"Basi," akasema. "Sasa hakuna tena."

"Hakuna nini?"

Alingoja greda lizime injini.

"Shemeji, hili si jambo la kuambia mjane. Lakini nimeshakuwa mzee, na wewe umeshatamka ile siku kilichoko chini. Ule tuliomkatia ulitoka pale. Lazima utoke kwa kitu amepanda na mkono yake. Mimi nilizunguka hii boma yote nikitafuta kwako." Akageuza kofia. "Kwako hakuwa amepanda kitu."

Niliitazama migomba iliyolala.

"Yule alijua," akaendelea. "Vijana walikata kwake, baadaye kisiki akakiona. Mimi nikamwambia asikuambie, utaumia. Ndiyo sababu aliomba tumpeleke pale. Hakutaka kukunyang'anya. Alisema, arudi kwa mama yake, kwa shina alikokatwa."

Nimewahi kupigwa maishani, na mvua, na mume, na njaa. Hakuna kilichonipiga kama sentensi hiyo ndogo, kwako hakuwa amepanda kitu. Miaka yote nilidhani nimempata. Nilifagia, nilijigamba, nilisimamisha barabara ya mji mzima, na kumbe nilikuwa nalinda kipande kilichokatwa kwenye shamba la mwenzangu. Hata alipolala kwangu, alitoka kwake.

Barabara ikamalizika. Steji ikawekwa pale penye nafasi, na nafasi ilikuwa mlangoni pake, mahali ilipokuwa migomba. Watu wananiambia Mungu amemlipa. Mimi nasema Mungu angelipa na upande huu pia, kwani kuna ubaya gani? Yeye sasa ana wateja toka alfajiri. Mimi bado nazunguka na birika kwenye foleni, ambayo imepungua kidogo, na vijana wa boda wamerudi kunywa chai yangu, ingawa jina hawajalisahau. Rafiki yangu wa kidonda alipita juzi kwa matatu, akanipungia mkono dirishani. Nilimpungia wangu mpaka matatu ikamaliza kona.

Siku chache baada ya greda kuondoka, mwenzangu alivuka barabara na gunia bichi mikononi, kalibeba mbele kama mtoto. Ndani mlikuwa na mche mmoja wa mgomba, mdogo, kaufukua kwenye kifusi kilichoachwa na chuma. Akapiga magoti. Safari hii alishuka vibaya, goti moja likagonga kizingiti.

"Dada, kwangu ni maramu tupu," akasema. "Mgomba haushiki kwa changarawe. Nisaidie udongo. Kando ya mzee tu."

Nilitaka kumwambia hapana. Neno lilikuwa mdomoni, lina joto. Nilimtazama yule mwanamke, mwenye steji na kicheko na machozi mazuri, nikaona mikono yake ina matope mpaka kwenye viwiko. Alikuwa ameuchimba kwa vidole.

Nikachukua jembe. Alinyoosha mkono anisaidie, nikamkatalia. Nilichimba shimo mwenyewe, kichwani mwa kaburi, nikaupanda mwenyewe, nikaukanyagia udongo kwa miguu yangu ile ile iliyokanda nyumba. Nikamwambia anaweza kwenda. Nikamwambia pia kwamba mgomba huu, kuanzia leo, ni wa nyumba kubwa, na anayeumwagilia maji ni mimi.

Alikubali kwa kichwa. Lakini kesho yake nilipotoka na ndoo, nilikuta udongo umeshalowa. Nikajua ni yeye, kaja kabla ya kuwasha jiko. Siku iliyofuata niliamka mapema zaidi, jogoo wa kwanza. Umeshalowa. Leo nimeamka hata makanga hawajafika steji, nikatoka gizagiza na ndoo yangu bila kuvaa viatu, nikainama kuugusa udongo kwa vidole.

Ulikuwa umelowa.